Mageuzi ya chuo kikuu hufia wapi: Meiklejohn na ndaki mpya ya Mkinga

Tangu ijulikane kwamba Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga ndaki (chuo ndani ya chuo kikuu) Gombero, wilayani Mkinga, kwa fedha za HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, mazungumzo mjini Tanga yamekwenda njia mbili. Ngamiani na Makorora watu wanapiga hesabu ya vyumba vya kupangisha, nauli za njia ya Horohoro na wateja wa mama ntilie. Maofisini wanapiga hesabu ya kozi: forodha kwa sababu ya mpaka wa Horohoro, usimamizi wa bandari kwa sababu gati la Tanga limepanuliwa, mambo ya mafuta kwa sababu bomba linalotoka Hoima linaishia Chongoleani. Hesabu zote hizo ni halali. Lakini mazungumzo yakifika kwenye swali la nani aongoze, na aongoze kuelekea wapi, jibu hutoka haraka mno: atafutwe meneja, mtu wa miradi na mahesabu, na wanafalsafa waachwe na vitabu vyao. Anayetaka kulitetea jibu hilo ana mfano tayari katika historia ya elimu ya Marekani. Ni Alexander Meiklejohn, profesa wa falsafa aliyepewa chuo akaondolewa, akapewa chuo kingine kidogo nacho kikafungwa. Naamini mfano huo unasomwa vibaya. Kazi ya Meiklejohn haithibitishi kwamba mwanafalsafa hawezi kuongoza chuo. Inaonyesha kwamba mageuzi ya ufundishaji hufa yanapobaki kichwani mwa kiongozi na katika heshima yake, bila kuingizwa kwenye ajira za walimu, krediti za wanafunzi, yaani uzito unaopewa kila somo, na kanuni za kupandisha madaraja. Ndaki inayoanza upya inaweza kuyafanya hayo matatu mapema. Ikishazoea utaratibu mwingine, itachukua miaka mingi kuubadili.

Meiklejohn alizaliwa mwaka 1872 Rochdale, Uingereza, wazazi wake wakiwa Waskoti wa viwanda vya nguo, na akiwa na miaka minane familia ikahamia jimbo la Rhode Island, Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Brown, akapata udaktari wa falsafa Cornell mwaka 1897, kisha akarudi Brown kufundisha mantiki na metafizikia. Wanaomwita mwotaji husahau kilichofuata. Mwaka 1901 alifanywa mlezi mkuu wa wanafunzi hapo Brown, na kazi hiyo aliishika miaka 11. Haikuwa kazi ya nadharia. Ilikuwa nidhamu, mahudhurio, wazazi wenye malalamiko na migogoro ya timu za michezo. Alipoitwa mwaka 1912 kuwa rais wa Chuo cha Amherst, cheo ambacho kwetu kingekuwa Makamu Mkuu wa Chuo, alikuwa mtawala mzoefu kuliko wengi wanaopewa nafasi kama hiyo leo.

Amherst kilikuwa chuo kidogo cha heshima, kilichoanzishwa mwaka 1821, chenye walimu wakongwe waliozoea kila mtu kulima shamba lake. Mwanafunzi aliokota somo hapa na somo pale, na mwisho wa miaka minne hakuna aliyemuuliza masomo hayo yanahusianaje. Meiklejohn alilishambulia jambo hilo moja. Mwaka 1914 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walianzishiwa somo la pamoja kuhusu taasisi za jamii na uchumi, ili kijana aanze kwa kuitazama jamii aliyomo kabla hajajifungia kwenye fani. Aliajiri walimu vijana wachangamfu, wachumi na wanafasihi, akawapa uhuru mkubwa. Mwaka 1920 chuo kilianza kupeleka walimu wake kufundisha wafanyakazi wa viwanda katika miji jirani ya Holyoke na Springfield. Wanafunzi walimpenda. Walimu wakongwe hawakumpenda, na walikuwa na sababu: vijana waliajiriwa na kupandishwa kwa kauli ya rais, na kikao cha walimu kikaachwa kuwa mahali pa kutaarifiwa. Juu ya hayo alikuwa akitumia kuliko mshahara wake, madeni yake binafsi yakaifikia Bodi ya Wadhamini ikalazimika kuyalipa. Juni 1923 Bodi ilimtaka ajiuzulu, akajiuzulu. Siku ya mahafali baadhi ya wahitimu walikataa kupokea shahada zao, na walimu kadhaa wakaondoka naye.

Nafasi ya pili aliipata Wisconsin. Glenn Frank, rais mpya wa chuo kikuu cha jimbo hilo kilichopo Madison, alimpa ruhusa ya kuanzisha chuo cha majaribio ndani ya chuo kikuu. Kilifunguliwa mwaka 1927 kikiwa na wanafunzi 119, wote wavulana, waliolala na kusomea katika bweni moja pamoja na baadhi ya walimu wao. Muundo wake unastahili kutazamwa kwa makini, maana wengi humsifu au kumlaumu Meiklejohn bila kujua darasani palifanyika nini. Hapakuwa na kozi. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa jamii moja tu, Athene ya karne ya 5 kabla ya Kristo: uchumi wake, vita vyake, dini, sheria, tamthilia na falsafa, kwa pamoja. Mwaka wa pili ulikuwa wa Marekani ya viwanda. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu mshauri aliyekutana naye ana kwa ana kila wiki kuhusu andiko alilokuwa akiliandika, na washauri walibadilishana wanafunzi baada ya wiki kadhaa ili kijana asikae chini ya sauti moja. Mihadhara ilikuwa michache, na alama ilitolewa mara moja tu, mwisho wa miaka miwili. Katikati, wakati wa likizo ndefu, kila mmoja alikwenda kuuchunguza mji au eneo alilotoka: nani anamiliki ardhi, watu wanakula kwa kazi gani, nani anaamua mambo, shule zinafundisha nini. Aliandika ripoti ndefu, na ripoti hiyo ndiyo iliyobeba uzito katika mwaka wa pili. Kwa maoni yangu huo utafiti wa eneo la nyumbani ndio uvumbuzi wake mkubwa kuliko Athene yenyewe, kwa sababu ulimlazimisha kijana kupima fikra zote alizosoma kwa mahali anapopajua na watu wanaoweza kumsahihisha.

Chuo hicho kilifungwa mwaka 1932. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 na uvumi kwamba bwenini humo walilelewa wakorofi wa siasa. Zote zina ukweli. Wanafunzi wengi walitoka nje ya jimbo, Wayahudi wa New York wakiwa sehemu kubwa, na wenyeji wa Wisconsin waliotozwa kodi kukiendesha chuo kikuu waliona watoto wao hawamo. Chuki dhidi ya Wayahudi ilifanya kazi yake. Idadi ya wanaojiandikisha ikashuka. Ila chini ya hayo yote palikuwa na jambo la kiutawala lisilo na mvuto wa kusimulia. Chuo cha majaribio hakikuwa na walimu wake. Wengi wa washauri waligawanywa, sehemu ya muda humo na sehemu katika idara zao za kawaida, na aliyeamua kama mkataba wa mwalimu utaendelea au kama atapanda daraja alikuwa mkuu wa idara. George Sellery, mkuu wa kitivo chenye idara hizo, aliupinga mradi waziwazi. Mwalimu kijana aliyetumia jioni zake bwenini akisoma maandiko ya wanafunzi alikuwa akijipunguzia nafasi ya kubaki kazini. Ulinzi pekee ulikuwa urafiki wa Frank, na Frank alipoanza kupoteza nguvu hapakubaki kitu cha kuushikilia mradi. Frank mwenyewe aliondolewa mwaka 1937, na aliyekaimu nafasi yake alikuwa Sellery.

Sasa tuwasikilize wanaosema chuo kiongozwe na meneja. Hoja yao ina nguvu, na sitaipuuza. Mradi wa HEET ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliosainiwa mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo na taasisi nyingi, na fedha hizo zina masharti ya zabuni, mazingira, fidia za ardhi na ukaguzi. Kiongozi asiyeweza kusoma taarifa ya mkandarasi, asiyejua kwa nini malipo ya awamu yamekwama, atakiingiza chuo kwenye hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka hadi mwaka. Madeni ya Meiklejohn Amherst hayakuwa kosa dogo la kusamehewa kwa sababu ya fikra zake nzuri. Yaliwapa wapinzani wake silaha halali. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba chuo kinahitaji mtu makini wa fedha na mipango, na sheria na hati za vyuo vyetu zimeshampa Makamu Mkuu wa Chuo naibu wa upande huo. Haithibitishi kwamba anayekaa juu kabisa awe hana jibu la swali la kwa nini mwanafunzi asome hiki na asisome kile. Meneja asiye na jibu hilo huongeza kozi, kwa kuwa kozi mpya huonekana katika taarifa ya mwaka.

Upande wa pili wapo wanaomfanya Meiklejohn shahidi wa fikra, mtu mwema aliyeangushwa na wahafidhina. Nawaelewa. Aliishi hadi mwaka 1964 akitetea uhuru wa maoni, na mwaka 1963 alitajwa miongoni mwa waliotunukiwa nishani ya juu ya uhuru ya Rais wa Marekani. Ila simulizi hiyo inamwondolea wajibu. Walimu wakongwe wa Amherst hawakuwa wajinga wote. Baadhi walikuwa wasomi wazuri waliouliza swali la haki: kama mtaala ni wa chuo kizima, mbona unaamuliwa na mtu mmoja na vijana wake? Mtu aliyefundisha kwamba elimu ni kujadiliana kwa hoja alishindwa kulijadili jambo hilo na watu waliokaa naye meza moja kwa miaka 11.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi hapa kwetu, ni kwamba haya ni anasa ya watoto wa matajiri: kijana wa Mkinga anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anahitaji ajira, hana muda wa kuhoji jamii. Kwanza, Meiklejohn mwenyewe hakuishi hivyo. Madarasa ya wafanyakazi ya mwaka 1920 yalikuwa ya watu wanaotoka zamu ya kiwandani, na baada ya chuo cha majaribio cha Wisconsin kufungwa alikwenda California, akaanzisha San Francisco, katikati ya miaka ya 1930, shule ya masomo ya jamii kwa watu wazima wenye kazi zao. Hawakwenda kutafuta cheti. Pili, Tanga inajua kuliko miji mingi matokeo ya elimu iliyokatwa kwa kipimo cha mwajiri mmoja. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shabaha yake ilikuwa wazi: makarani, wakalimani, maakida na walimu wa kuitumikia serikali hiyo. Ilifanikiwa sana katika shabaha yake. Utawala ulipobadilika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ujuzi wa Kijerumani ulipoteza soko, na waliosalia na faida ni wale waliochukua humo zaidi ya ukarani. Soko la leo lina tabia ileile. Ujenzi wa bomba unaajiri wengi wakati wa kuchimba na kulaza mabomba, na wachache sana likishaanza kusukuma mafuta. Mhitimu aliyefundishwa kazi moja ya mradi mmoja atamaliza shahada wakati mradi umeshapunguza watu.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kuona namna somo zuri linavyokauka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya kuwa cha kitaifa mwaka 1970, kiliamua kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa sheria, asome Taaluma za Maendeleo ili aielewe jamii anayokwenda kuitumikia. Shabaha ilikuwa ileile ya Amherst ya mwaka 1914, na miaka ya mwanzo mijadala ilikuwa mikali kwelikweli. Vyuo vingine vikaiga. Leo katika vyuo vingi somo hilo ni ukumbi wa mamia ya wanafunzi, kipaza sauti, nukuu za mwaka juzi zilizopigwa fotokopi na mtihani wa mwisho wenye alama 60. Lilibaki kwenye ratiba, lakini semina zake ziliuawa na hesabu: wanafunzi waliongezeka mara nyingi, walimu wa semina hawakuongezwa, na hakuna aliyewahi kupanda daraja kwa sababu aliongoza semina vizuri. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, nalo liliachwa. Kila jambo liliachwa kwa sababu zake, ila yote mawili yalisimama juu ya msukumo wa wakati bila mtu anayelipwa kuyalinda.

Kuna mfano unaoonyesha kinyume chake. Scott Buchanan, mwanafunzi wa Meiklejohn hapo Amherst, mwaka 1937 alishirikiana na Stringfellow Barr kuugeuza Chuo cha St. John's, Annapolis, kiwe chuo cha majadiliano juu ya vitabu vikuu, bila idara. Wawili hao waliondoka kabla ya miaka kumi na kidogo kwisha. Programu yao ipo hadi leo. Fikra ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya Wisconsin. Tofauti ilikuwa katika ajira. Pale Annapolis mtaala ule ndio mtaala pekee, walimu wote wana cheo kimoja, wote wanatakiwa kufundisha sehemu zake mbalimbali, na mwalimu hudumu kazini kwa kuufundisha. Joseph Tussman, aliyesoma kwa Meiklejohn Wisconsin na baadaye akawa profesa wa falsafa Berkeley, alijaribu tena mwaka 1965 kwa walimu wa kuazima kutoka idara nyingine. Mwaka 1969 programu yake ilikwisha, kwa kukosa walimu.

Kwa hiyo ndaki ya Mkinga, ikitaka zaidi ya majengo, ianze na hesabu ya walimu. Tuchukue wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza. Vikundi vya watu 12 ni vikundi 25, na mhadhiri mmoja akibeba viwili wanahitajika wahadhiri 13. Semina ya saa mbili kwa kila kikundi inampa saa nne kwa wiki. Akikutana na kila mmoja wa wanafunzi wake 24 kwa nusu saa kila wiki kama Wisconsin, zinaongezeka saa 12, na hapo hawezi kufundisha kitu kingine. Wakikutana mara moja kwa wiki mbili ni saa sita, jumla saa kumi, mzigo unaobebeka akipunguziwa kozi moja. Hao 13 wawe waajiriwa wa ndaki. Mtindo wa kuwapeleka kampasi za mikoani wahadhiri wasaidizi wanaosubiri nafasi ya kwenda kusoma udaktari huigeuza kampasi kuwa kituo cha basi, na Tanga ilikuwa na msemo wake wa waja leo waondoka leo kabla chuo hakijafika. Semina nayo iandikwe katika vigezo vya kupanda daraja, kwa ushahidi unaokaguliwa: maandiko ya wanafunzi yenye masahihisho ya mwalimu, yaliyohifadhiwa na kusomwa na mwenzake wa idara nyingine. Maadamu machapisho pekee ndiyo yanayompandisha mtu, mhadhiri mwenye akili ataikwepa semina, na sitamlaumu.

Jambo la pili ni krediti. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka una krediti 120. Utafiti wa eneo la nyumbani wenye krediti 20 ni saa 200: takriban 40 za kusoma na kupekua nyaraka za halmashauri, 80 za kukaa uwandani wakati wa likizo, 50 za kuandika na 30 za kukutana na mshauri na kutetea kazi. Wa Muheza afuate machungwa kutoka shambani hadi soko la nje ya mkoa, aone bei inakua mikononi mwa nani. Wa Pangani aulize mashamba ya mkonge, zao lililoletwa huko mwaka 1893, yamegawanywaje na nani anapanga leo juu ya ardhi hiyo. Wa vijiji vya pwani ya Mkinga achunguze mwani, kazi ambayo wanawake wengi huifanya na bei yake haipangwi na wao. Mhitimu wa forodha au wa utawala aliyefanya kazi hiyo atakuwa karani bora kuliko aliyekariri taratibu, maana ameona taratibu zinavyomfika mtu.

Yatakayoharibika yanajulikana mapema. Ripoti zitanunuliwa kwenye maduka ya fotokopi ya jirani kama zinavyonunuliwa za mafunzo kwa vitendo. Dawa yake ni daftari la uwandani linalokaguliwa mara tatu na utetezi wa mdomo wenye nusu ya alama, si programu ya kunasa wizi wa maandiko peke yake. Mwanafunzi atafukuzwa na mtendaji wa kijiji kwa kukosa barua. Basi ndaki ipate kibali cha pamoja kwa wakurugenzi wa halmashauri kabla ya likizo. Anayetegemea mkopo atakosa nauli kama utafiti haukuandikishwa rasmi kuwa sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Na semina ikilazimishwa iwe Kiingereza kitupu, wengi watanyamaza na wawili watatu waliosoma shule za kulipia watazungumza kwa niaba ya wote. Waruhusiwe kubishana kwa Kiswahili kisha waandike kwa lugha ya chuo, kwa kuwa ushahidi wenyewe wataukusanya kwa Kiswahili.

Linabaki kosa la Wisconsin kuhusu wenyeji, na hapa watu wa Mkinga wana haki ya kuuliza mapema. Udahili wa vyuo vikuu ni wa kitaifa na inafaa uwe hivyo. Lakini ndaki inaweza kufungua madarasa ya jioni kwa madiwani, watendaji, maofisa wa vyama vya ushirika na walimu wa shule za msingi wa Gombero na Maramba, ikitumia walimu walewale wa semina na zile ripoti za wanafunzi kama vitabu vya kusomea. Kazi hiyo nayo ihesabiwe katika mzigo wa mhadhiri, kwa saa zilizoandikwa kwenye mkataba wake. Haya yote yanahitaji uamuzi wa bodi ya ndaki, kisha Seneti, kisha ithibati ya Tume, na njia hiyo haina haraka. Kiongozi wa kwanza wa ndaki, awe mchumi, mhandisi au mwanafalsafa, ayapeleke kwenye bodi katika mwaka wake wa kwanza, na ayapeleke kwa saini za walimu watakaoyafundisha.